Mikunde inanyauka? Chimba mzizi kwanza kabla hujanunua dawa

Wakulima wenzangu, hii ishu ya mizizi kuoza kwenye maharage, kunde, choroko, njegere, dengu, adesi na ndugu zao wote wa mikunde inatula sana, na inatula kwa sababu tunaitafuta mahali ambapo haipo. Tunaangalia majani. Unaingia shambani unakuta majani ya chini yamekuwa njano, mimea imedumaa, mingine saa sita mchana imelala kama haijawahi kuona maji, basi haraka haraka unasema mbolea imepungua, unanunua busta, ile mbolea ya kupuliza kwenye majani, unapuliza, wiki mbili hakuna kitu, unapuliza tena. Mimi nimeshafanya hivyo msimu mzima kwenye njegere, nimepuliza mara tatu, na siku niliyochimba mmea mmoja ndo nikaona kwamba chini hakuna mzizi, kuna kitu kama uzi mweusi tu. Pesa yote ilienda kwenye majani na mgonjwa alikuwa yuko chini.

Kwa hiyo kabla ya dawa, kabla ya mbolea, kabla ya kumuuliza mtu yeyote, chimba.

Na nasema chimba, sio vuta. Ukivuta mmea wenye mizizi iliyooza unatoka na shina na kipande cha mzizi mkuu, ile mizizi midogo midogo ambayo ndo ushahidi wenyewe inakatika inabaki ardhini. Chukua sepeto au jembe, ingiza umbali wa kiganja hivi kutoka kwenye shina, shuka kama sentimita 20, nyanyua donge lote na udongo wake, liweke kwenye ndoo ya maji na uliache nusu saa udongo ulainike wenyewe. Halafu tikisa taratibu ndani ya maji mpaka mizizi ibaki mitupu, usisugue na vidole, maana mzizi uliooza ganda lake la nje linatoka kwa kuguswa tu, ukisugua umeshafuta ulichokuwa unakitafuta.

Chagua mmea ambao unaumwa lakini bado uko hai. Mmea uliokufa kabisa ukakauka haukusaidii, ukishakufa unavamiwa na kila aina ya fangasi wa kuozesha takataka na hapo huwezi kujua nani aliyeua na nani amekuja msibani. Na chimba pia mmea mzima wa kijani kutoka mstari huohuo, ulaze pembeni ya mgonjwa. Huyu wa kulinganisha ndo watu wengi wanamsahau, yani mtu anaangalia mzizi wa kahawia peke yake hajui kama kwa umri ule ulitakiwa kuwa mweupe au ni kawaida yake. Fanya hivyo sehemu nne au tano za shamba, mimea kama 10 kila sehemu, na kwenye zile sehemu zilizoathirika chimba pembezoni mwa kiraka, sio katikati, maana pembezoni ndo ugonjwa unapoingia sasa hivi.

Muda mzuri ni mara mbili: wiki ya pili mpaka ya tatu baada ya kuota, halafu tena mimea inapoanza kutoa maua. Ukisubiri maganda yajae, mizizi hata ya mimea mizima inakuwa imeanza kuzeeka na kubadilika rangi, utajichanganya.

Angalia pia shamba kwa ujumla limekaaje. Mizizi kuoza mara nyingi inakuja kwa viraka: kwenye bonde, mahali maji yanatuama, kwenye njia ya trekta, kwenye lango ambapo watu na ng'ombe wanapita udongo umeshindiliwa. Shamba likiwa njano lote sawasawa kutoka mwanzo mpaka mwisho, uwezekano ni mkubwa kwamba ni rutuba au kitu kingine, ingawa hata hapo chimba tu uhakikishe.

Mzizi mzima unafananaje

Mweupe au rangi ya krimu, mgumu ukiubonyeza, una matawi mengi na vinywele, na una vinundu. Chukua kinundu kimoja ukikate na wembe. Kikiwa pinki au chekundu ndani kinafanya kazi, bakteria wake wanauletea mmea naitrojeni kutoka hewani. Kikiwa kijivu, kijani au kahawia kimekufa au hakifanyi kazi. Hapa ndo pana siri ya kwa nini tunadanganyika na majani: mizizi ikioza vinundu vinakufa nayo, mmea unakosa naitrojeni, majani yanakuwa njano, na wewe unaona kabisa dalili za upungufu wa mbolea. Ni kweli mmea una njaa, ila ina sababu yake huko chini, na ukimwaga urea hujatibu chochote.

Sasa ugonjwa wenyewe

Wahusika ni kadhaa, vijidudu vya kwenye udongo na wengi wao ni fangasi, na mara nyingi wanakuja wawili watatu kwa pamoja kwenye mzizi mmoja, kwa hiyo usiumize kichwa sana kutaka jina moja, ila kuwatofautisha kidogo kunasaidia kwa sababu wengine wanapenda maji, wengine wanapenda ukame, na dawa inayomzuia huyu yule haimgusi.

Fusariamu ndo wa kila mahali. Kwenye maharage utaona michirizi ya rangi nyekundu nyekundu inayoenda kahawia, inakwenda kwa urefu wa mzizi mkuu, inaanza kuonekana wiki moja hivi baada ya mche kutoka. Baadaye michirizi inaungana, mzizi wote unakuwa kahawia nzito, unapasuka pasuka, na ule wa chini unakufa kabisa. Mmea ukipata nafasi unatoa mizizi mipya juu ya pale palipooza, karibu na uso wa udongo, ukikuta mmea wa maharage una ndevu nyingi juu na chini hauna kitu basi umemkuta yeye. Kwenye njegere pasua mzizi kwa urefu na wembe, mara nyingi utakuta mstari mwekundu katikati.

Rizoktonia anashambulia shingoni, pale shina linapoingia kwenye udongo. Anaacha kidonda kilichobonyea ndani, chekundu kahawia, chenye ukingo unaoonekana vizuri kabisa kama mtu amebonyeza na kidole. Kidonda kikizunguka shina lote mche unaanguka, ndo hicho tunaita kinyausi.

Pithiamu ni wa maji. Mbegu inaozea chini kabla haijatoka, unaona mapengo kwenye mstari unadhani ndege wamekula, unafukua unakuta mbegu imekuwa uji ndani ya ganda lake. Ikiwa imeota, mzizi unakuwa laini umelowa maji, ncha zimepotea.

Halafu kuna Afanomaisesi, huyu ni adui mkubwa wa njegere na adesi. Mzizi unageuka rangi ya asali, unalainika, na ukiushika kati ya vidole viwili ukavuta kidogo, ganda la nje linachomoka kama ala ya kisu, mkononi unabaki na uzi mwembamba wa katikati. Ukishaliona hilo mara moja hulisahau. Mbegu zake za kujificha kwenye udongo zinakaa zaidi ya miaka 10 zikisubiri. Yeye na Pithiamu kisayansi sio fangasi halisi, ni viumbe vya majimaji vyenye undugu na mwani, na hii sio habari ya darasani tu, maana yake ni kwamba dawa nyingi za fangasi za kawaida haziwafanyi kitu.

Makrofomina ni kinyume chao, anakuja wakati wa joto la juu ya nyuzi 30 na ukame, hasa mimea ikiwa inabeba maganda. Shina la chini linakuwa kijivu cha majivu, ukibandua ganda unakuta vidoti vyeusi vidogo sana kama mtu amenyunyiza unga wa mkaa. Na Sklerotiamu humkosi: nyuzi nyeupe kama pamba shingoni mwa mmea na ndani yake vijiduara kama mbegu za haradali, vinaanza vyeupe halafu vinakuwa kahawia.

Kabla hujasema ni fangasi

Pasua shina la chini. Ukikuta funza mdogo au kitu kama punje ya kahawia iliyojificha chini ya ganda, na shina limevimba na kupasuka karibu na udongo, huyo ni inzi wa maharage. Mara nyingi wanakuwa pamoja, inzi anatoboa mlango na fangasi anaingia, ukimshughulikia mmoja ukamwacha mwenzie bado unapoteza.

Ukikuta mizizi ina mafundo, jaribu kuyang'oa na kucha. Kinundu cha bakteria kimebandikwa ubavuni, kinatoka kirahisi. Fundo la minyoo fundo ni mzizi wenyewe uliovimba, halitoki bila kuukata mzizi. Minyoo nayo inafungua milango ya fangasi.

Na kuna mnyauko wa Fusariamu, ndugu mwingine, anasumbua sana mbaazi na dengu. Huyu kwa nje mzizi unaweza kuonekana mzuri kabisa ila ukipasua shina kwa urefu unakuta mistari ya kahawia au nyeusi ndani ya mishipa ya maji. Huyu mategemeo makubwa ni mbegu zinazostahimili, matuta peke yake hayamwezi.

Imeshaingia, nifanye nini msimu huu?

Nisikufiche, hakuna dawa ya kuponya mzizi ulioshaoza. Kumwagia dawa shinani wakati mimea imeshanyauka mara nyingi ni kumwaga pesa. Lakini kuna kitu kimoja kinaokoa maharage mengi na hakitaki zaidi ya jembe: pandishia udongo. Nilisema mmea wenye Fusariamu unatoa mizizi mipya juu. Sasa ile mizizi ikitokea hewani kwenye jua inakauka, ila ukivuta udongo ukafunika shina mpaka karibu na majani ya kwanza, inapata mahali pa kushika na mmea unaanza maisha upya. Fanya mapema, wiki ya tatu hivi mpaka kabla ya maua, udongo ukiwa na unyevu wa wastani, na palilia juu juu tu kwa sababu ukizamisha jembe karibu na shina unaikata mizizi ileile unayojaribu kuiokoa. Tahadhari moja, kama uliona zile nyuzi nyeupe na vijiduara vya Sklerotiamu usipandishie, utakuwa unamfunikia blanketi, yeye anapenda udongo uliorundikwa shingoni.

Kama unamwagilia, usiloweshe mpaka maji yakae, ila pia usiache shamba likauke kabisa halafu ulifurikishe, mzizi mgonjwa hauwezi mabadiliko makubwa. Maji yakituama fungua mtaro leo leo, mizizi inahitaji hewa kuliko inavyohitaji kitu chochote utakachonunua.

Msimu ujao, hapa ndo kazi yenyewe ilipo

Mzunguko wa mazao kwanza. Usipande mikunde juu ya mikunde. Kaa miaka mitatu minne na nafaka au zao lingine kabla hujarudi, na kama tatizo ni Afanomaisesi kaa miaka 6 mpaka 8, najua ni mingi ila huyo hana njia ya mkato. Wakati unasubiri unaweza kupanda dengu au soya ambazo kwake zina ukinzani mzuri kuliko njegere na adesi. Na usiache maotea ya msimu uliopita na magugu ya jamii ya mikunde yakakua katikati ya mahindi, hayo yanamlisha adui wakati wewe unadhani umempumzisha. Ila niwe mkweli, mzunguko haufanyi kazi sawa kwa wote. Makrofomina anakula mimea zaidi ya 500 ya aina tofauti yakiwemo mahindi na mtama, Sklerotiamu naye hachagui. Kwa Makrofomina kitu cha msingi ni kutunza unyevu, panda kwa wakati, usibananishe mimea, funika udongo na mabaki ya nafaka. Kwa Sklerotiamu lima kwa kupindua udongo uvizike vile vijiduara vyake chini kabisa, sentimita 20 au zaidi, vikikosa hewa vinashindwa kuota, halafu msimu unaofuata usilime kina hichohicho ukavirudisha juu.

Pili ni maji na mgandamizo. Panda kwenye matuta ya sentimita 15 mpaka 20 kama udongo ni wa mfinyanzi au uko bondeni. Chukua kijiti kigumu au nondo nyembamba, ichome ardhini udongo ukiwa na unyevu, ikigoma sentimita 15 chini una tabaka gumu na mizizi itakwama hapohapo na kuanza kulowa. Hilo tabaka livunje kabla ya kupanda. Na usiingie shambani na trekta au wanyama udongo ukiwa tope, kosa la siku moja linakaa miaka.

Samadi na mboji zinasaidia sana kwa sababu zinaleta vijidudu vingi vinavyopigania nafasi na hawa fangasi, lakini iwe imeiva. Kama umelima majani mabichi ukayafukia kama mbolea subiri wiki mbili tatu ndo upande, ukipanda siku inayofuata Pithiamu anakuwa amechangamka na yale majani na mbegu zako zinakuwa kitoweo chake. Mabaki ya shamba lililoumwa usiyarudishe yakiwa mabichi, wala usiyaweke kwenye lundo la mboji ambalo halichemki.

Kuhusu mbegu, chambua kwa mkono. Iliyopasuka, iliyokunjamana, yenye doa, toa, maana ufa kwenye ganda unavujisha sukari na fangasi wanaifuata hiyo sukari. Hesabu mbegu 100, zikunje kwenye kitambaa chenye unyevu, zikae siku saba, hesabu zilizoota. Chini ya 80 tafuta mbegu nyingine. Kwenye maharage, aina za punje kubwa kwa kawaida zinaathirika zaidi na Fusariamu kuliko za punje ndogo, na kwenye njegere zile zenye ganda la rangi zinavumilia kuozea ardhini kuliko nyeupe, kwa hiyo shamba likiwa na historia mbaya fikiria kubadilisha aina kabla ya kufikiria dawa. Kina ni sentimita 3 mpaka 5, kila siku ambayo mche unaongeza chini ya udongo ni siku nyingine ya kushambuliwa, na usipande kwenye udongo wa baridi uliolowa chapachapa.

Dawa ya mbegu inasaidia, ila ujue inasaidia nini. Fludioksonili inazuia Fusariamu na Rizoktonia, Pithiamu haimgusi. Metalaksili inamzuia Pithiamu, Fusariamu haimgusi, na kwa Afanomaisesi usiitegemee. Ndo maana nyingi zinauzwa zimechanganywa, soma kiambato kwenye lebo. Na ulinzi wake ni wiki mbili mpaka nne tu, inavusha mche utotoni, haikai mpaka maua. Vaa glavu, na mbegu iliyopakwa dawa hailiwi wala haipewi kuku hata kama imebaki debe zima.

Kama unatumia bakteria wa raizobiamu, wale wa kwenye vinundu, paka dawa kwanza, acha ikauke, halafu paka raizobiamu mwisho kabisa muda mfupi kabla ya kupanda, na hakikisha lebo inasema vinaweza kukaa pamoja, dawa nyingine zinaua hao bakteria na hapo utakuwa umelinda mzizi usio na vinundu. Trikoderma nayo ni nzuri, ni fangasi rafiki anayekaa kwenye mzizi akiwazuia hawa wengine, ila ni kiumbe hai, ikikaa juani au ikachanganywa na dawa ya fangasi isiyopatana nayo imekufa. Inafanya vizuri zaidi ikiwahi kabla ya ugonjwa, na kwenye udongo wenye mboji.

Na jembe lako na buti, vioshe. Shamba lenye ugonjwa lilimwe mwisho, udongo unaong'ang'ania kwenye gurudumu ndo usafiri wao mkuu.

Kipimo cha makopo

Hiki natamani kila mtu akifanye kabla ya kuamua apande wapi. Miezi miwili kabla ya msimu chota udongo wa sentimita 15 za juu kutoka sehemu kama 10 za shamba, hasa zile za mashaka, changanya. Gawa mafungu mawili. Fungu moja liloweshe kidogo ulipashe mvuke kwenye sufuria iliyofunikwa kwa saa moja hivi, liache lipoe siku mbili. Jaza makopo manne ya udongo uliopikwa na manne ya udongo mbichi, yote yawe na matundu chini, panda mbegu tano tano zilezile unazotaka kupanda shambani, mwagilia vizuri kila siku, yaani kusudi kabisa yakae na unyevu mwingi kuliko kawaida ili ugonjwa kama upo ujitokeze. Baada ya wiki tatu yamwage makopo yote, osha mizizi kwenye ndoo kama nilivyosema, ilaze juu ya gunia, ya udongo uliopikwa upande mmoja na ya udongo mbichi upande wa pili. Ikiwa pande zote ni nyeupe, panda. Ikiwa ya udongo mbichi ina michirizi michache na mizizi mingi bado ipo, panda kwa matuta, dawa ya mbegu na kupandishia. Ikiwa imekuwa kahawia au imebaki nyuzi wakati ile mingine ni myeupe, basi hapo mwaka huu weka nafaka, na mikunde yako ipeleke kwenye kipande kingine ambacho nacho umekipima kwa makopo.